Helmeti za Zamu

Jumanne, 4 Novemba

Barafu saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kabla maduka ya jengo hayajafunguliwa. Tulifika kumi na mmoja. Nimeanguka mara mbili. Wiki iliyopita mara nne. Naendelea vizuri.

Baada ya mazoezi Laoban Chen, yaani Bosi Chen, meneja wa uwanja, aliniita ofisini. Alinimiminia chai kwenye kikombe cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, halafu akasema lake. Kuna kikundi cha kina mama wastaafu wanaocheza ngoma bustanini kwa spika. Sasa wanataka kuhamia kwenye barafu, na saa wanayoitaka ni hii yetu ya Jumanne. Wao wako arobaini. Sisi hatujawahi kufika ishirini.

Lakini bango la mashindano yetu ya hoki ya barafu limeshatundikwa, na sura ya Chen imo. Kwa hiyo ametoa sharti. Jumamosi tarehe 15 tufungue kwa wakati. Mechi ya kwanza iwe ile ile ya kwenye bango, Guangzhou na Nairobi. Kila kichwa kilichoko kwenye barafu kiwe na helmeti, maana ndivyo bima yake inavyotaka. Yakitimia hayo, saa ya Jumanne ni yetu mwaka mzima. Kikiharibika kimoja, ni ya kina mama.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Klabu nne, siku mbili, mechi sita. Nimekusanya mizigo ya watu miaka kumi na miwili, nikaijaza kwenye makontena pasibaki nafasi ya kupenyeza kanga. Mashindano nayo ni mzigo. Unapima, unapanga, unapakia.

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumatano, 5 Novemba

Yaliyokwisha: Hong Kong wamethibitisha, wanakuja kwa treni. Manila wamethibitisha, wanafika Jumamosi asubuhi. Nairobi wamepata viza zote kumi na mbili. Marefa wawili. Daktari mmoja.

Yaliyobaki: helmeti za Nairobi. Wana viatu vya barafu, magongo na pedi, lakini helmeti zao ni kuukuu na zimepasuka. Nimewaagizia kumi na mbili kiwandani, za watu wazima, zenye wavu wa chuma mbele ya uso. Zinakuja Ijumaa.

Kiprono, kipa wetu, ananiuliza kila siku kama ninalala. Ni mwanafunzi wa uzamili, uhandisi wa maji, Mkalenjini mwenye miguu mirefu. Nalala vizuri sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya vurumai. Msimu wa maonesho ya biashara umekwisha, na wafanyabiashara wote wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, wanataka mizigo yao iondoke leo. Ghalani Sanyuanli hapana pa kukanyaga. Nimepokea mapazia, betri za pikipiki, vyombo vya harusi vya Bi Tatu, viti vya saluni. Wenye mizigo kumi na wanne, kontena moja.

Helmeti zimefika saa tisa. Katoni tatu, nne nne. Nimefungua, nimehesabu, nimejaribu moja juu ya hijabu yangu. Imekaa sawasawa. Nimezifunga tena kwa tepu, nimeziandika, nimeziweka.

Kichwa kinauma kidogo. Kazi imekwenda.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepanga vyumba vya wageni. Nimepanga chakula: Xiaobei, kwa yule mama wa Mombasa anayepika pilau, kwa sababu watu wa Nairobi wakila tambi siku tatu mfululizo watateleza hata pasipo na barafu. Nimechapa ratiba kwa lugha tatu.

Sioni tatizo lolote.

Jumatatu, 10 Novemba

Kontena limepakiwa. Shemeji Ally, mume wa mdogo wangu, ndiye anayesimamia upakiaji siku hizi, na anaifanya vizuri ingawa anapiga kelele kama anauza samaki. Saa kumi jioni alinitumia picha ya sili, lakiri ya kontena, mlangoni. Meli inaondoka Ijumaa.

Jumanne, 11 Novemba

Barafu. Kumi na watatu. Nimeanguka mara moja.

Saa sita nimekwenda ghalani kuchukua helmeti. Hazipo.

Nimetafuta kila mahali. Nimehamisha mabunda ya nguo kwa mikono yangu. Halafu nimempigia Ally, naye akaniuliza zina marka gani.

Nikakaa chini juu ya gunia.

Marka ni ile alama ambayo kila mwenye mzigo huandika kwenye katoni zake, ili ghala lijue ni za nani na zinakwenda bandari gani. Yangu ni ZHR, mstari, DSM, yaani Dar es Salaam. Nimeiandika miaka kumi na miwili. Mkono unaiandika wenyewe. Ijumaa niliinama juu ya katoni tatu za helmeti nikiwa na maka peni mkononi, nikaandika ZHR, mstari, DSM, kila katoni pande mbili, kwa herufi nzuri. Ally alipoona DSM, alipakia. Angefanya nini kingine?

"Shemeji," alisema, "mimi nilishangaa. Nikasema moyoni, huyu kaanza kuuza helmeti Kariakoo bila kunishirikisha."

Sikucheka. Nilitaka kulia, sikulia. Kosa ni langu, na herufi zake zinasomeka toka mbali.

Helmeti ziko ndani kabisa, nyuma ya viti vya saluni.

Jumatano, 12 Novemba

Ally alikuja ofisini asubuhi na pendekezo. Kontena bado liko uwanjani bandarini Nansha. Anamjua mtu. Tuombe lirudishwe, tukate sili, tutoe katoni tatu, tufunge tena.

Nimelifikiria kwa nusu saa nzima. Sili ikikatwa, karatasi za forodha zinaanza upya. Meli ya Ijumaa haitatusubiri, na inayofuata ni baada ya siku kumi. Bi Tatu anafungua duka lake la vyombo Tandika, na mialiko imeshatoka. Yule wa mapazia ana hoteli inayomsubiri. Watu kumi na wanne walinikabidhi vitu vyao wakaenda kulala. Hakuna hata mmoja wao anayecheza hoki.

Nimesema hapana. Kontena linaondoka.

Ally aliniangalia sana. "Basi na ile saa yako?"

Nimemwambia saa yangu nitaipigania kwa mikono yangu, si kwa mizigo ya watu.

Mchana nimezunguka madukani. Watu husema Guangzhou kuna kila kitu. Helmeti za hoki za watu wazima, kumi na mbili, kwa siku mbili: meiyou, hakuna. Jengo la michezo: meiyou. Duka la pili: za watoto, za rangi ya waridi. La tatu: meiyou, na mwenye duka hakuinua hata macho kutoka kwenye bakuli lake. Kiwanda kinataka siku kumi.

Jioni nimekaa na karatasi. Sisi Guangzhou tuna helmeti kumi na nne. Mechi ni sita, na klabu zinazocheza ni mbili mbili. Nairobi wanaweza kuvaa helmeti zetu kila tunapokuwa nje ya uwanja. Mechi tano zinakubali. Moja inakataa: ya kwanza, ile ya kwenye bango, tunapocheza sisi na wao. Hapo zinahitajika helmeti kumi na mbili za watu wengine. Manila watakuwa bado wanatoka uwanja wa ndege. Wanabaki Hong Kong, na wao wanacheza mechi ya pili, dakika ishirini tu baada ya hiyo kwisha.

Kwa hiyo namhitaji nahodha wa Hong Kong. Basi. Tatizo lililokuwa kubwa kama kontena sasa ni mtu mmoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi nilimwendea Laoban Chen na kumweleza yote. Simwendei laoban yeyote na tatizo tupu. Nilikuwa na karatasi mkononi: mechi, saa, nani anavaa nini. Aliisoma mara mbili.

"Pengyou," alisema, hivyo ndivyo anavyoniita, rafiki, "mkivaa helmeti au mkivaa masufuria, hilo lenu. Kila kichwa kifunikwe. Saa nne kamili. Kama bango."

Alipokuwa ananisindikiza nilimwona kiongozi wa kina mama wa ngoma ukumbini. Mama mfupi, nywele nyeupe, koti jekundu la michezo. Alikuwa anapima upana wa barafu kwa macho, kama anayechagua zulia. Tuliangaliana, akatabasamu. Ana meno mazuri na subira nyingi.

Saa nane uwanja wa ndege wa Baiyun, kuwapokea Nairobi. Kumi na wawili, magongo yamefungwa kwa mipira ya baiskeli. Nahodha wao ni Wangui, fundi umeme, mkubwa wa mabega, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Niliwaeleza pale pale kwenye treni ya chini ya ardhi, kabla hawajakaa. Sikutaka walale na matumaini ya uongo.

Wangui akaanza kucheka hadi abiria wakageuka.

"Wabongo nyinyi! Yaani helmeti zetu zimepanda meli zinaenda kuona Dar, na sisi tuko huku?" Akanipiga begani. "Usijali, madam. Tutawachapa tukiwa na helmeti zenu wenyewe. Itauma zaidi."

Kiprono, aliyekuja nami kuwapokea, akamwambia asubiri kwanza aione barafu. Wangui akamwambia anyamaze, yeye ni Mkenya aliyepotea.

Nimefurahi walivyocheka. Lakini jioni nilimpigia Bwana Lau, nahodha wa Hong Kong. Ni daktari wa meno. Alinisikiliza kwa adabu, na kwa adabu akakataa. Watu wake hawawezi kuvaa helmeti iliyotoka kwenye kichwa cha mtu mwingine ikiwa imelowa jasho. Dakika ishirini hazikaushi kitu. Alisema anasikitika. Nadhani ni kweli anasikitika.

Ana haki. Mimi mwenyewe nisingekubali.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye jengo la jumla la viatu, Sanyuanli, ghorofa ya tatu. Yule mama anayeniuzia soli ana sponji ya kila aina. Nilimpa helmeti yangu, nikamwonyesha ile sponji ya ndani inayogusa kichwa. Sponji hiyo inabanduka, imeshikwa kwa vitambaa vya kunata. Nikamwambia nataka kama hii, kumi na mbili, leo.

Aliipindua. Aliinusa. Akakunja uso.

"Kichwa chako?" aliuliza.

Changu.

Akasema nitumie sabuni. Halafu akaita mafundi wawili, wakachora, wakakata. Saa saba zilikuwa tayari, nyeupe, safi.

Mpango: Nairobi wacheze na sponji hizi mpya ndani ya helmeti za Hong Kong. Sponji za Hong Kong tunazitoa kabla ya mechi na kuzihifadhi kwenye mifuko, kila mfuko na namba yake. Mechi ikiisha, sponji mpya zinatoka na jasho lake, helmeti inafutwa kwa spiriti, sponji ya mwenyewe inarudi. Hakuna jasho la mtu linalogusa kichwa cha mwingine. Na ndani ya kila mfuko nimetia vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu tunavyoweka kwenye viatu vya kontena. Ninavyo gunia zima.

Bwana Lau na watu wake walifika saa tisa. Nilimfuata hotelini, nikaiweka helmeti yangu juu ya meza ya mapokezi. Nikatoa sponji, nikafuta, nikarudisha. Nikafanya tena, naye akitazama saa yake. Dakika moja na nusu. Tukiwa watu wanne, kumi na mbili zinakwisha ndani ya dakika tano.

Aliingiza kidole ndani akapapasa kote, kama anatafuta jino bovu. Akainusa. Akasema inanukia duka la viatu.

"Viatu vipya," nilimwambia.

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Amekubali. Sharti lake: majina ya watu wake yaliyobandikwa nyuma ya helmeti yasibanduliwe. Wangui aliposikia alisema hana neno, kesho akifunga goli magazeti yaandike Lau.

Meli imeondoka leo saa kumi na moja jioni. Nimetazama kwenye simu. Sijutii.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumefungua.

Saa tatu na dakika hamsini nilisimama mlangoni na orodha. Jina, namba ya helmeti, saizi, tiki. Kama orodha ya mzigo tu. Vichwa kumi na viwili vya Nairobi, majina kumi na mawili ya Kichina nyuma yake. Saa nne kamili refa alidondosha paki, kile kisahani cheusi cha mpira, kati ya Wangui na nahodha wetu. Laoban Chen alikuwa anatazama saa yake, si barafu. Nilimwona akitikisa kichwa. Ndiyo.

Tumefungwa manne kwa mawili. Nilicheza dakika sita. Wangui alinipita kushoto akasema "Pole, mama!", akanipita kulia akasema "Shikamoo!", na mara ya tatu sikugeuka. Kiprono aliokoa mengi. Watu wa Xiaobei walijaa upande mmoja, wenye maduka ya simu, wabadilisha fedha, wanafunzi, wote wamevaa majaketi kama wanakwenda Ulaya. Wengi hawajui kanuni hata moja. Walishangilia kila aliyeanguka.

Sponji: dakika nne na sekunde hamsini. Bwana Lau alikagua tatu. Kisha akavaa yake.

Manila waliwahi, na mechi ya pili ilikwenda salama.

Tatizo lilikuja kabla ya mechi ya tatu, Nairobi na Hong Kong. Nairobi walikuwa wanavaa helmeti zetu. Nimegawa: moja, mbili, tatu. Nimefika namba tisa, mfuko mtupu. Namba tisa ni yangu, aliyepangiwa ni Wangui. Nilitazama chini ya mabenchi. Nilitazama chooni. Helmeti zetu mbili za ziada zilikuwa za watu wadogo, hazikuingia kwenye kile kichwa. Dakika sita zimebaki. Wangui amekaa, viatu miguuni, kichwa wazi. Nikawaza: saa yetu inakwenda hivi hivi, kwa helmeti moja.

Halafu nikasikia vicheko karibu na bango. Laoban Chen alikuwa anapigwa picha na wachezaji wa Manila, gongo mkononi, helmeti kichwani. Namba tisa.

Sikuomba. Nilikwenda moja kwa moja, nikafungua mkanda chini ya kidevu chake, nikaivua.

"Laoban, hii ina mtu."

Alibaki na nywele zimesimama. Kisha alinisukuma mgongoni kwa upole, akaniambia nikimbie, nimebakiza dakika tatu.

Nilibadilisha sponji ninakimbia.

Jumapili, 16 Novemba

Mechi tatu, zote kwa wakati. Hong Kong mabingwa. Nairobi wa pili, Manila wa tatu. Sisi wa mwisho, lakini tulitoka sare na Manila, na Kiprono amechaguliwa kipa bora. Amelikumbatia kombe lake dogo kama mtoto mchanga na hataki mtu alishike.

Mimi nimeanguka mara tano kwa siku mbili. Idadi hiyo naikubali.

Katoni tatu zikifika Dar, Ally atapanga zipelekwe Nairobi kwa lori. Helmeti zitawakuta nyumbani. Wangui anasema ni mara yake ya kwanza kuona mzigo unaosafiri kwa uoga, unaokwepa mechi.

Kwenye pilau Bwana Lau alikula sahani mbili. Ameuliza kama mwakani tunafanya tena. Nimemwambia ndiyo, ingawa Laoban Chen alikuwa bado hajasema lake.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimewasindikiza Nairobi Baiyun. Ofisi imejaa. Nimepokea mizigo ya watu saba.

Laoban Chen amepiga simu saa kumi. Saa ya Jumanne ni yetu, mwaka mzima, kama alivyoahidi. Nikamshukuru. Akasema hajamaliza. Kina mama nao watakuja, saa ile ile, nusu ya uwanja. Watu wanaoweza kucheza mashindano mazima kwa helmeti za kuazimana hawashindwi kugawana barafu.

Nilimwambia hivyo sivyo tulivyokubaliana. Akasema saa ni yetu, hakuna aliyetunyang'anya. Barafu ni yake.

Nilikasirika hadi Magharibi. Kisha nikachukua karatasi nikachora uwanja, nikaukata katikati. Mazoezi mengi hayahitaji zaidi ya nusu. Mechi kamili tutacheza mara moja kwa mwezi, nitamwomba. Atakubali.

Jumanne, 18 Novemba

Barafu. Tisa tu, wengi bado wana maumivu.

Kina mama walifika kabla yetu. Wamevaa glavu nyekundu, wote, na helmeti za watoto za rangi ya waridi. Wameweka kamba katikati na spika yao ndogo pembeni. Muziki si mkubwa. Wanajifunza kusimama.

Kiongozi wao alianguka karibu na kamba, upande wetu. Nilikwenda kumwinua, nikaanguka mimi. Tulikaa pale kwenye barafu, wawili, tukingoja mmoja wetu ajue la kufanya. Aliniuliza nimejifunza kwa muda gani. Miaka miwili, nilimwambia. Akatazama wenzake, akanitazama mimi, akacheka kwa mkono mdomoni.

Baadaye tulishikana viwiko tukasimama.

Saa tatu kasoro dakika tano. Mazoezi yalikuwa mazuri. Jumanne ijayo saa mbili.